Skima ya protini: usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi

Wakati wa kusi, mawimbi yanapoupiga ufuko kwa nguvu, huacha juu ya mchanga mstari wa povu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Ukilichota kwa kiganja halipotei upesi kama povu la soda, na likikauka huacha utando wa manjano wenye shombo. Chumvi peke yake haiwezi kushikilia povu la namna hiyo. Kinacholishikilia ni mabaki ya viumbe: ute wa samaki, majimaji ya mwani uliopondwa na mawimbi, protini na mafuta. Skima ya protini, kifaa cha kusafisha maji ya tangi la samaki wa baharini, hufanya kazi hiyo hiyo ya wimbi ndani ya bomba la akriliki, kisha hulikinga povu kwenye kikombe kabla halijarudi majini.

Molekuli nyingi za uchafu huo zina pande mbili, mmoja unayapenda maji na mwingine unayakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa, upande unaoyakimbia maji hujichomeka hewani, wa pili hubaki majini, na molekuli hukwama papo hapo kwenye ngozi ya kiputo. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni ngozi ya viputo kuliko wingi wa hewa. Chukua hewa ya kiputo kimoja chenye upana wa milimita 4, igawe iwe viputo vya nusu milimita, na ngozi inaongezeka mara 8. Hapo ndipo chumvi inaposaidia: kwenye maji ya bahari viputo vidogo haviungani kwa urahisi, ilhali kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) huungana na kuwa vikubwa. Ndiyo sababu skima ya nyumbani haina maana kwenye tangi la sato au kambale, na ndiyo sababu povu hufifia ukishusha chumvi hadi uzito linganishi wa 1.009 kutibu samaki.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba skima haitoi naitreti wala fosfeti zilizokwisha kuyeyuka majini. Inaondoa mali ghafi ambayo bakteria wangeigeuza kuwa amonia, halafu naitreti. Na hata hiyo haiitoi yote. Mkemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, aliyechapisha vipimo vyake kuanzia mwaka 2009, alikuta skima zinaondoa takriban asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni ya viumbe inayopimika majini. Iliyobaki hainasi kwenye kiputo hata ukinunua kifaa cha bei ya pikipiki. Kwa hiyo hakuna skima inayofuta haja ya kubadilisha maji.

Na kuna matangi yasiyoihitaji kabisa. Tangi la chini ya lita 80 lenye samaki wawili wadogo linaendeshwa vizuri kwa kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam na anaweza kuchota maji ya bahari safi wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mitaro, ana sababu ndogo zaidi ya kununua kifaa hiki kwa tangi dogo. Lakini tangi likizidi lita 150, au ukiingiza samaki wanaokula sana, ndoo zinachosha na skima inaanza kujilipa.

Ukubwa: piga hesabu ya chakula kwanza

Boksi litakuandikia "hadi lita 600". Namba hiyo huwa ya tangi lenye samaki wachache, na watengenezaji waungwana huweka namba mbili au tatu: mzigo mwepesi, wa kati na mzito. Soma ya mzigo mzito. Kama boksi lina namba moja tu, ichukulie kuwa ni ya mzigo mwepesi na uigawe kwa mbili.

Chukua tangi la kawaida la sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Kwa nje ni lita 300. Toa mawe, mchanga na nafasi iliyoachwa juu, yanabaki maji kama lita 250; ongeza lita 60 za sampu (tangi la pili la chini, ndani ya kabati, linalokaa vifaa), unapata lita 310. Ukiwa na samaki wawili wa anemoni, kangaja mmoja na wadogo wengine watatu wanaokula kipande kimoja cha chakula cha kugandishwa kwa siku, huo ni mzigo wa kati. Skima iliyoandikwa lita 300 hadi 400 kwa mzigo mzito inatosha na inabakisha akiba. Lakini weka kikande na chewa mdogo kwenye tangi hilo hilo, wanaotafuna vipande vya ngisi na kamba, na mzigo unapanda mara mbili ingawa lita hazijabadilika. Uchafu hutoka kwenye chakula. Kioo hakitoi uchafu.

Kosa linaloonekana zaidi si kununua ndogo, ni kununua kubwa mno. Watu hudhani ukizidisha mara tatu uko salama. Tazama shingo ya kifaa, pale povu linapopanda kuingia kikombeni. Shingo yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita 79 za mraba. Ya sentimita 15 ina 177. Povu linahitaji protini ya kutosha kulishikilia katika eneo lote hilo ili lisimame, likauke kidogo na limwagike kikombeni. Protini ikiwa chache kwenye shingo pana, povu hupanda nusu ya njia, hupasuka na kurudi chini. Siku tatu kikombe kikavu, siku ya nne unalisha zaidi na kinafurika. Mwenye tangi huamua kifaa ni kibovu, kumbe kina njaa. Skima ndogo inayofanya kazi saa zote 24 hutoa uchafu mwingi kuliko kubwa inayokoroma hivyo.

Upande wa pili pia upo. Kwenye tangi la matumbawe yenye samaki wachache, skima yenye nguvu mno, ikisaidiwa na dawa za kuondoa fosfeti, inaweza kuyaacha maji bila chakula. Naitreti ikisoma sifuri na fosfeti sifuri, matumbawe hupauka rangi, na utelezi wa kahawia wa dinoflagelati (vijidudu vya majini) hupata nafasi ya kutawala mchanga. Hapo dawa ni kupunguza saa za skima au kuongeza samaki.

Baada ya shingo, uliza hewa inayovutwa kwa saa. Kwa mfano wetu wa lita 310, lita 400 hadi 600 za hewa kwa saa ni kiasi kizuri. Usidanganywe na namba ya maji yanayopita. Pampu inayosukuma maji mengi na hewa kidogo inatengeneza msukosuko, na msukosuko hubomoa povu kabla halijafika shingoni.

Kina cha sampu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu hakuna anayepima kabla ya kulipa. Skima nyingi za ndani ya sampu zimebuniwa kusimama kwenye maji ya kina fulani, mara nyingi kati ya sentimita 18 na 24. Maji yakizidi, kiwango ndani ya kifaa kinapanda na kikombe kinajaa maji ya rangi ya chai nyepesi. Yakipungua, povu halifiki juu hata ukifunga vali yote ya kutolea maji.

Chukua futi. Pima kina cha maji kwenye chumba cha kwanza cha sampu, pale maji yanapoingia kutoka tangini, pampu ya kurudisha maji ikiwa inafanya kazi. Pima urefu na upana wa chumba hicho. Pima pia kimo kuanzia chini ya sampu hadi mbao ya juu ya kabati, kwa sababu kikombe huchomolewa kwa kuinuliwa, na kinahitaji sentimita 5 au zaidi za nafasi juu yake. Skima inayoingia kabatini lakini kikombe chake hakitoki ni adhabu ya kila wiki.

Kina kikizidi, inua kifaa juu ya kijukwaa cha plastiki: vipande vya bomba la PVC na kigae cha akriliki vinatosha, usitumie chuma chochote. Kina kikiwa kidogo, ongeza kimo cha kizuizi cha kioo kinachotenga chumba hicho, kwa kuwa kupunguza kimo cha skima hakuwezekani. Na hakikisha chumba hicho kina kizuizi. Sampu isiyo na vizuizi hushuka kila maji yanapovukiza, na kwenye joto la pwani hilo ni jambo la kila siku; skima iliyorekebishwa vizuri asubuhi huwa imekauka usiku. Kijazio cha maji baridi kinachojiendesha kinatibu hali hiyo kwa kiasi kikubwa.

Pampu na umeme

Karibu skima zote za nyumbani za sasa hutumia pampu ambayo impela yake (gurudumu linalosukuma maji), badala ya mapanga, ina sindano nyingi za plastiki. Hewa huingia kwa venturi (njia nyembamba inayovuta hewa) mbele ya impela na sindano huikatakata. Aina za jiwe la hewa la mti bado zipo, zinafaa tangi dogo, lakini jiwe huziba na kubadilishwa kila baada ya wiki chache. Za kuning'iniza nyuma ya tangi ni kwa wasio na sampu. Zinafanya kazi, ila zikifurika zinafurikia sakafu. Zile za kusimama nje ya sampu na kuzungusha maji yake zenyewe ni za matangi makubwa, waachie wenye lita elfu.

Swali la maana zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni umeme. Pampu ya kawaida ya mkondo geu (AC) huzunguka kufuata hezi (Hz) za umeme, yaani marudio ya mkondo kwa sekunde: mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye hezi 50, mizunguko 3,600 kwenye hezi 60. Kenya, Tanzania na Oman zinatumia hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60, na Saudia nayo ni hezi 60. Ndugu akikuletea skima kutoka Houston na ukaichomeka kwenye volti 240, koili inaungua. Ukitumia transfoma, volti zinashuka lakini hezi hazibadiliki: pampu inazunguka polepole kwa moja ya sita, hewa inapungua, na koili inapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Ya kutoka Jeddah ni mtego zaidi, maana volti zinakaribiana na kila kitu kinaonekana sawa hadi unapoona povu halipandi. Soma kibati cha pampu, kisha uagize impela na pampu ya hezi 50.

Pampu za mkondo mnyoofu (DC) wa volti 24 hazina tatizo hilo, kwa sababu adapta nyingi hupokea volti 100 hadi 240 za hezi yoyote. Zina faida nyingine: unaweza kupunguza kasi kwa kitufe, hazili umeme mwingi, na fundi anayejua kazi yake anaweza kuziunganisha na betri ili ziendelee umeme ukikatika. Ubaya ni kwamba kidhibiti kikifa, pampu yote imekufa. Agiza cha akiba pamoja na impela ya akiba siku ile ile unayonunua kifaa. Kusubiri kipuri wiki nne huku tangi linachafuka ni ghali kuliko kipuri chenyewe. Matumizi si ya kutisha: wati 20 usiku na mchana ni yuniti 14.4 kwa mwezi.

Hewa inayoingizwa na skima ina kazi ambayo watu huisahau. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yanaweza kushika takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 yanashika kama 6.2. Kangaja wa buluu wa pwani yetu, yule anayesafirishwa kutoka Kenya kwenda maduka ya ng'ambo, amezoea miamba yenye mawimbi na oksijeni tele, na akikosa hewa usiku huanza kuhema kabla ya samaki wengine. Kwa hiyo umeme ukikatika, usiwaze uchafu. Uchafu unaweza kusubiri siku nzima, pumzi haisubiri.

Kuiwasha, na yanayoharibika

Skima mpya ina mafuta ya kiwandani kwenye plastiki. Iendeshe nusu saa kwenye ndoo yenye siki, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, kisha isuuze. Usitumie spiriti wala maji ya moto: akriliki hupata nyufa ndogo kama utando wa buibui. Iweke sampuni vali ya kutolea maji ikiwa wazi kabisa na uiache. Kwa siku 3 hadi 14 itafanya vituko, itatoa viputo majini, itafurika, itanyamaza. Ni kawaida. Ute wa bakteria ukishajipaka ndani ndipo inatulia.

Halafu urekebishe. Panga kiwango cha maji, unapoangalia kwa ubavu, kifike pale mwili unapokutana na shingo. Geuza vali kidogo tu, kisha subiri siku nzima. Anayegeuza kila saa hatajua kamwe ni badiliko gani lililofanya nini. Povu zito na kavu hutoa uchafu mweusi kama lami, kidogo kwa wiki; povu jepesi hutoa maji ya rangi ya chai ya rangi, mengi zaidi. Ukichagua jepesi, kumbuka unatupa maji ya chumvi na kijazio kinarudisha maji baridi, hivyo pima chumvi kila wiki.

Povu likipotea saa chache baada ya kulisha, ni mafuta ya chakula, linarudi. Suuza chakula cha kugandishwa kwenye kichujio cha chai kabla ya kukitia. Mkono wenye losheni una athari ile ile. Likifurika ghafla, fikiria kilichoingia karibuni: silikoni ambayo haijakauka, gundi ya kubandikia matumbawe, dawa ya kutibu samaki, au kile kimiminika cha kuondoa klorini kinachodai pia "kulinda ute wa samaki". Maji ya bahari yaliyochotwa wakati wa masika nayo hufanya hivyo, kwa kuwa mito imemimina udongo na majani yaliyooza, na chumvi yake huwa imeshuka. Wakati wa dawa usizime skima. Shusha kiwango ili povu lisifike kikombeni, hewa iendelee kuingia.

Umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka kwenye sampu. Lita 12 kwenye sampu ya sentimita 60 kwa 40 ni ongezeko la sentimita 5. Umeme ukirudi, skima inaanza kazi ikiwa imezama sentimita 5 zaidi, na uchafu wote wa wiki unarudi majini kwa dakika mbili. Weka taima inayoichelewesha dakika 10 hadi pampu ya kurudisha iwe imeshusha kiwango. Na kama umetoboa kikombe na kuunganisha bomba hadi kwenye ndoo, ndoo iwe na swichi ya boya inayozima skima ikijaa. Bila hiyo, skima ikifurika usiku inamwaga lita 30 sakafuni, kijazio kinaziba pengo kwa maji baridi, na chumvi ya tangi letu inashuka kutoka gramu 35 kwa kilo ya maji hadi chini ya 32. Samaki wengi watavumilia, matumbawe na kamba huenda wasivumilie.

Matengenezo yenyewe si mengi. Futa shingo kila baada ya siku tatu au nne, kwa sababu utando wa mafuta hapo hulidondosha povu hata kama kila kitu kingine ni sawa. Mara moja kwa mwezi ingiza maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kwenye mrija wa hewa. Chumvi hukauka ndani ya venturi, hewa hupungua polepole, na ni rahisi kutogundua. Kila miezi mitatu vunja pampu, loweka kwenye vijiko viwili vikubwa vya asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji, na ukague sindano za impela na mhimili wa kauri. Kwa kifaa cha mtumba, ndipo pa kuanzia kukagua: sumaku ya impela iliyovimba au yenye kutu, usiinunue.

Mrija wa hewa nao una mahali pake. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi hujaa kabonidayoksaidi ya pumzi za watu, na pH ya tangi inashuka hadi 7.8 au chini. Kuupitisha mrija dirishani, ili uvute hewa ya nje, mara nyingi huipandisha. Ila angalia nje kuna nini: jiko la mkaa, rangi inayopakwa, jenereta. Na kabla ya kupuliza dawa ya mbu popote ndani ya nyumba, zima skima kwanza, funika tangi, na usiiwashe hadi madirisha yamekaa wazi vya kutosha na harufu imeisha. Dawa hizo ni sumu kali kwa samaki na kwa kamba, na kifaa kinachovuta lita 500 za hewa kwa saa kitaichanganya na maji vizuri kuliko chombo chochote kingine ulicho nacho nyumbani.